Vistari Viwili

Kajaani, Januari, saa moja asubuhi na giza bado ni la usiku.
Nje ni hasi thelathini na moja.
Simu ya Raakel wa chekechea inasema:
watoto wamevaa makoti darasani,
mabomba yenu ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa.

Tuulikki Hyttinen anafungua hifadhidata ya joto la mji.
Hifadhidata haina habari. Inajibu upesi,
bila hata onyo jekundu:
tofauti ya ndani na nje ni kumi na sita.
Kumi na sita! Hiyo ni tofauti ya Aprili,
theluji ikichuruzika mapaani.
Na tanuri, kwa utii, linachoma kuni za Aprili.

Kosa linalopiga kelele lina heri.
Hili lina adabu.

Anaanza kama aanzavyo daima, kwa kupunguza.
Anaondoa majengo mia tatu, anabakiza moja.
Anaondoa safu, anaondoa masharti,
mpaka swali linabaki mifupa:
ndani kutoa nje.
Anajaribu siku ya Juni: sawa.
Septemba: sawa. Sifuri kamili: sawa.
Hasi moja,
na jibu linavunjika mkononi mwake kimyakimya.

"Basi ni kipimajoto," anasema Ilmo,
ambaye ana wiki ya tatu kazini
na tayari anataka kuandika upya kila kitu.
"Kipimajoto hakijui kutoa. Nipe mti."

Mti ndio huu: kichanganuzi hulipasua swali
kama tulivyozipasua sentensi ubaoni,
kiima huku, kiarifu kule, matawi yakining'inia.
Anaushuka tawi kwa tawi.
Mti ni mzima. Alama ya kutoa iko juu,
kumi na sita kushoto,
hasi thelathini na moja kulia,
kila mmoja kwenye kiti chake.
Saa tatu. Jua bado halijaamua.

Halafu anakumbuka safari.
Swali haliishii hapa: mti hugeuzwa tena maneno
yapelekwe kwa seva ya pili, ng'ambo ya mto,
na huko husomwa upya na mgeni.
Anainasa barua njiani.

16--31

Vistari vimegusana.
Na vistari viwili vikigusana, kwa lugha hii,
maana yake: yanayofuata ni maelezo ya binadamu,
mashine, usisome.
Mashine ikasoma kumi na sita, ikatosheka.
Haikuwa tofauti hata kidogo. Lilikuwa joto la darasa,
na baridi yote ya Kainuu imegeuka maelezo.

Sisi wenye Kiswahili tungeliona mapema,
au tusingeliona kamwe:
andika si, andika si nyingine,
sahau nafasi katikati,
na ukanusho wote umeyeyuka, wamebaki watu.

Anafungua historia ya faili kumtafuta mwenye mstari.
Ilmo anauona kwanza, anageukia dirishani.
T. Hyttinen, Julai, miaka kumi na mmoja iliyopita.
Anakumbuka mbu, feni mbovu,
tumbo la miezi minane likigusa meza,
na mji mzima usio na namba hasi hata moja ya kujaribia.

"Nafasi moja inatosha," anasema Ilmo.
Inatosha, mpaka mtu aifute akidhani anasafisha.
Yeye anaweka mabano:
hasi ikae ndani, kuta pande zote mbili.
Kisha anaandika jaribio, analiita Januari,
liendeshwe kila siku,
hata Julai. Hasa Julai.

Saa sita bomba la chekechea linakohoa, linagonga.
Raakel hapigi simu tena;
hivyo ndivyo watu wa mabomba wanavyoshukuriwa.
Tuulikki anainuka kutafuta kahawa
na ndipo anagundua, kifungo kwa kifungo,
kwamba tangu asubuhi hajavua koti.